Skwea zimejaa kikapuni, sasa tunaziungaje?

Safari hii barua nyingi zimekuja na kilio kimoja. Watu wamefuma skwea za kroshia, zile zinazoanzia katikati na kutanuka raundi kwa raundi, wamejaza vikapu, halafu wamekwama kwenye kuziunga. Nawaelewa kabisa, maana skwea moja unaimaliza kikao kimoja na unaona matunda yake hapo hapo, ila kuunga ni kazi ya kukaa chini na kuwaza. Na blanketi linapendeza au linaharibika hapo hapo kwenye kuunga, ndo maana leo nimeamua tuongelee hilo tu.

Dada habari za kazi. Nimemaliza skwea 48 za blanketi, sita kwa nane, raundi tano kila moja, lakini nikizipanga moja juu ya nyingine hazilingani kabisa. Nimejaribu kuunga nne zikakunjamana katikati kama bakuli. Nifumue zote?

Mdogo wangu usifumue kitu kwanza. Chukua rula, kaa chini na kikapu chako, uhesabu kabla ya kupima. Raundi ya tano kila upande unatakiwa uwe na vifungu vitano vya stichi tatu tatu, yaani stichi 15, ukiacha cheni za kona, vile vitanzi vyepesi vinavyofuatana kugeuza kona. Pitia skwea zote 48 pande zote nne, najua inachosha lakini ifanye, kwa sababu skwea yenye 15 upande mmoja na 18 upande mwingine hakuna mshono duniani utakaoinyoosha. Mara nyingi utakuta mtu alipitiwa akarudia kifungu, au aliruka kona raundi ya tatu akaendelea tu. Hizo ndo za kufumua, na ni mpaka pale kosa lilipoanzia tu.

Kama hesabu iko sawa ila ukubwa haulingani basi tatizo ni mkono. Sote mkono unabadilika, ukiwa umetulia unalegea, ukiwa na mawazo unabana, na mwanzo wa kazi huwa unabana kuliko mwisho. Panga skwea zako mafungu matatu, ndogo, za kati na kubwa, halafu chukua kipimo cha za kati ndo kiwe kipimo cha blanketi zima. Usivute zote zifikie ile kubwa kuliko zote, zitarudi zenyewe ukishafua. Tofauti ya nusu sentimita hivi inatoka kwa kulowesha na kubana na pini. Ikizidi sentimita moja, fumua raundi ya mwisho tu uirudie na sindano ya kroshia iliyo kubwa au ndogo kidogo, kama ulitumia ya milimita 4 basi jaribu 4.5 kwa zile ndogo na 3.5 kwa zile kubwa.

Halafu kuna jambo nataka nikuulize, ulifuata maelekezo ya sehemu moja au mbili? Maana kuna mtego hapa umeshawatoa machozi wengi. Stichi ambayo Wamarekani wanaiita dabo kroshia, Waingereza wanaiita trebo, na dabo kroshia ya Waingereza ni ile fupi ambayo kwa Wamarekani ni singo. Sasa ukifuma nusu ya skwea zako kwa maelekezo ya huku na nusu kwa ya kule, hesabu itakuwa sawa kabisa ila nusu moja itatoka fupi na nzito. Weka skwea mbili kwenye mwanga utaona, moja ina nguzo ndefu zenye nafasi, nyingine imeshikana kama mkeka. Kama ndo hivyo, hapo pini hazisaidii, itabidi utenganishe miradi miwili.

Kuhusu pini zenyewe, tafuta boksi nene au godoro jembamba la sponji, chora mraba wa kipimo chako juu ya karatasi, weka skwea, bana kona nne kwanza halafu katikati ya kila upande. Uzi wa pamba na sufu unalowesha, unakamua kwa taulo, unabana na kuacha ikauke yenyewe. Akriliki, ule uzi wa plastiki, inahitaji mvuke, ila nakuomba sana pasi isiguse uzi, iache juu juu sentimita kadhaa mvuke ushuke wenyewe. Mi niliwahi kuigusisha pasi kwenye skwea moja ya akriliki sekunde tu, ikalainika ikalala kama kitambaa kilicholowa na haikuamka tena, ule mvutano wa uzi ulikufa kabisa. Na pini ziwe zisizoshika kutu.

Nishone kwa sindano ya mkono au niunge kwa kroshia? Kila mtu ananiambia lake.

Kila mtu anakwambia lake kwa sababu kila mtu anaunga kitu tofauti dada. Ukiunga blanketi la mtoto au kadigani unataka mshono uliolala, usiosumbua mwili. Hapo shona kwa sindano butu ya tundu kubwa, weka skwea mbili ubavu kwa ubavu sura ikiangalia juu, chukua kitanzi cha huku na kitanzi cha kule kama unapanda ngazi, kila stichi kadhaa unavuta taratibu na uzi unazama ndani hauonekani. Ukishika kile kitanzi cha nyuma tu cha kila stichi, vile vitanzi vya mbele vinabaki vimesimama vikichora mstari mwembamba kuzunguka kila skwea, na mi naupenda sana huo mstari.

Begi ni habari nyingine, linabeba uzito. Hapo unga kwa kroshia na stichi fupi, skwea mbili zikitazamana mgongo kwa mgongo, utapata ukingo ulioinuka kwa nje, mgumu, usiovutika ovyo. Slip stichi, ile fupi kuliko zote ya kuvuta uzi tu, iko katikati ya hizo mbili, imelala kiasi na ina nguvu, ila inabana sana, kwa hiyo panda sindano saizi moja juu la sivyo mshono utakuwa mfupi kuliko skwea na kazi nzima itavutika.

Kuna faida moja ya kroshia watu hawaisemi. Kwa sindano ya mkono unahitaji uzi kama mara tatu ya urefu wa mshono, sasa mshono wa skwea nane za sentimita 12 ni sentimita 96, huo ni uzi wa karibu mita tatu na utajifunga mafundo mpaka uchoke. Itabidi uukate mara mbili mara tatu, na kila ukianza uzi mpya anzia katikati ya skwea, siyo kwenye kona, kona ndo panapovutwa sana. Kwa kroshia unatoa uzi moja kwa moja kwenye bonge lake, huwazi chochote.

Na kwa njia yoyote tafadhali usiunge skwea moja moja. Yule dada wa juu mwenye sita kwa nane, akiunga kila ubavu peke yake ana mishono 82 ya kuanza na kumaliza. Akiunga kwa mistari mirefu, yaani mistari yote ya wima kwanza bila kukata uzi kati ya jozi na jozi, halafu ageuze afanye ya mlalo, ana mishono 12 tu, mitano wima na saba mlalo. Na ncha za kuficha zinapungua hivyo hivyo.

Pale kona nne zinapokutana kunabaki tundu, kidole kinapita. Nakosea wapi?

Unaingiza sindano kwenye shimo la kona badala ya kwenye cheni yenyewe. Kona ina cheni mbili au tatu, ingia ndani ya uzi wa cheni kabisa, na ukifika njia panda wakati wa mstari wa mlalo vuka kwa mshazari juu ya mshono wa wima, ushike kona ya ng'ambo. Safari nyingine raundi ya mwisho weka cheni mbili tu kwenye kona, tatu zinaacha mwanya mkubwa. Kama umeshamaliza usilie, geuza blanketi, pitisha uzi kwenye zile kona nne kwa duara, vuta mpaka tundu lifumbe, funga.

Nyuzi za mwisho naweza kufunga fundo na kukata?

Hapana. Fundo linafunguka kwenye kufua au linatokeza mbele. Acha mkia wa sentimita 15, uupitishe kwa nyuma kwenda, kurudi, na kwenda tena, mara tatu kwa njia tofauti. Na fanya hivyo kila ukimaliza skwea, usingoje ziwe 48.

Nina mabaki ya nyuzi za kila aina, sufu, pamba, akriliki. Naweza kuchanganya kwenye blanketi moja?

Rangi changanya utakavyo, kuna maelekezo ya skwea hizi yalichapwa Marekani tangu 1885 kwenye jarida la wakulima la Prairie Farmer, na uzuri wake miaka yote umekuwa kula mabaki. Kinachonitia wasiwasi ni aina ya uzi. Sufu ya kawaida ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inanywea na kushikana, akriliki iliyo pembeni yake inabaki vile vile, basi blanketi linapinda. Kama lazima uchanganye, lifuliwe kwa mkono maji ya baridi maisha yake yote. Halafu nyekundu na rangi za giza zijaribu kabla, lowesha kipande cha uzi ukibane kwenye kitambaa cheupe usiku mzima. Ikiacha alama usiiweke jirani na nyeupe, kwa sababu ukishaunga huwezi kuitoa bila kubomoa majirani wake wote wanne.

Nimeunga vizuri tu, ila nikaweka pindo pembeni likawa na mawimbi mawimbi.

Stichi zimezidi, na nina hakika zimezidi pale skwea mbili zinapokutana. Pale kuna kona mbili zimekaa pamoja, na wewe mkono umezoea kona kuwekwa vifungu viwili, ukaziwekea. Hizo siyo kona tena, zimeshakuwa sehemu ya upande. Weka stichi moja kwenye kona ya skwea ya kwanza, moja kwenye ya pili, uendelee. Kona za kuongezea ni zile nne za nje ya blanketi tu. Fumua hilo pindo, anza na raundi moja ya stichi fupi ya kusawazisha, tandaza blanketi chini kabla ya kuendelea na raundi ya pili, likiinuka mawimbi punguza, likijikunja kuja ndani ongeza.