Hekta mbili za msitu na makala (mkaa) ya nyumba moja: soma hapa kabla ya kulipa

Usilipe chochote Jumamosi. Umeuliza ni kikokotoo kipi kinachopima vizuri nyayo za kiikolojia za familia, yaani eneo la ardhi linalohitajika kuzalisha kile inachotumia, na kama kupunguza nyama kunasaidia, lakini kilichonishtua ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: kwamba unanunua hekta mbili za msitu kwenye barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, uchome makala yako mwenyewe, ili familia yako isiidai dunia chochote. Maneno hayo niliuziwa mimi pia, na sitashangaa ikiwa muuzaji ni yuleyule.

Wangu alijiita mtaalamu wa mazingira. Alinitembeza msituni akigonga mutondo huu na muputu ule kwa fimbo, akitaja kila mti utatoa magunia mangapi, kisha akajumlisha, akagawanya kwa matumizi ya nyumba yangu, akanipongeza kwa kuwa nimepata makala ya maisha yangu yote. Magunia aliyahesabu vizuri. Alichokificha, au labda hakukijua, ni kwamba miti iliyosimama ni mtaji, naye aliihesabu kana kwamba ni mapato ya kila mwaka. William Rees na Mathis Wackernagel, waliobuni kipimo cha nyayo za kiikolojia huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliuliza swali jingine kabisa: ardhi huzalisha kiasi gani kwa mwaka, na sisi tunatumia kiasi gani katika mwaka huohuo?

Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Nyumba yangu huchoma kilo mbili hivi za makala kwa siku, yaani zaidi ya kilo 700 kwa mwaka. Tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tukichukua 15, tunahitaji karibu tani tano za kuni. Miombo, yaani misitu ya kwetu ya miti kama mutondo na muputu, ikichipua upya huongezeka kwa tani mbili hivi kwa hekta kwa mwaka, na hiyo ni pale moto wa kiangazi usipopita. Hekta zako mbili zitakupa nne. Tani ya tano utaikata kwenye mtaji, na mwaka unaofuata mtaji huo utakuwa umepungua.

Hata hivyo, hasara iliyoniumiza zaidi ilikuwa ya visiki. Miti ya miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi yake, na ukiiacha kwa miaka 20 au 30 unapata tena msitu wa kukata. Mtaalamu wetu akasema visiki ni kuni za bure, na kwamba vikiondoka nitalima mahindi. Nikawalipa vijana kwa pesa yangu mwenyewe wang'oe kila kisiki, yaani niligharamia kuuzuia msitu wangu usirudi. Mahindi yalikubali mwanzoni, kisha udongo ukachoka na mbolea ikawa ghali kuliko mavuno. Uyoga ambao akina mama wa kijijini walikuja kuuokota masika haukuonekana tena, kwa sababu uyoga ule huishi na mizizi ya miti ile. Sasa nina hati halali ya msitu usiokuwepo, na makala nainunua kwa wale wanaoileta mjini kwa baiskeli. Najifariji kwamba siko peke yangu: mwaka 2025, kwa kipimo hichohicho, wanadamu walikuwa wamemaliza tarehe 24 Julai kile ambacho dunia huweza kukizalisha upya kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo pima kwanza kinachoota, kisha ukate hicho tu. Ukiwa lazima ununue, igawe ardhi vipande ishirini, ukate kimoja kwa mwaka, visiki uviache, na ulinde machipukizi dhidi ya moto. Makala itakayokosekana, ifidie jikoni kwa kutumia mbabula (jiko la makala) inayotunza joto. Na kabla ya pesa kutoka mfukoni, mwambie muuzaji akupeleke kwenye kipande alichokikata yeye mwenyewe miaka mitano iliyopita, uone kama machipukizi yamefika kifuani. Akianza tena kukuhesabia magunia, panda pikipiki urudi mjini.