Bati linawaka: nianze na rangi, dari au kiyoyozi?

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Wete. Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji, nimeezeka kwa bati, bado sijatia dari. Kuanzia adhuhuri mpaka usiku wa manane chumbani hakukaliki. Mwanangu anasema kuna rangi nyeupe ya Marekani inayopoza nyumba bila umeme. Niiagize, au ninunue kiyoyozi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Kiyoyozi kiache mwisho, tafadhali. Ukikifunga chini ya bati tupu, kila mwezi utalipia umeme wa kutoa joto ambalo ungeweza kulizuia lisiingie.

Huku kwetu jua la mchana hukaa karibu na utosi, kwa hiyo linalopigwa zaidi ni paa. Bati lenye kutu huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, lakini joto linalobaki haliliachii upesi. Jua likishazama bati lenyewe, kwa kuwa ni jembamba, hupoa haraka. Kinachokukosesha usingizi ni kuta na sakafu zilizokunywa joto tangu asubuhi.

Rangi aliyoisikia kijana ipo kweli. Ni ya Chuo Kikuu cha Purdue, imetengenezwa kwa bariamu salfeti, na mwaka 2021 watafiti wake walitangaza kuwa inarudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Lakini sehemu ya nguvu yake ni kurusha joto moja kwa moja hadi anga za juu, na anga letu lenye mvuke na mawingu hulizuia. Nyeupe nzuri ya kawaida ya nje hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kutoka kutu kufika hapo ndiyo hatua kubwa, na rangi yake unaipata madukani.

Nakuomba sana, usipake chokaa juu ya bati. Ukutani chokaa ni kizuri mno, wazee wa Mji Mkongwe walijua walichofanya, lakini kikilowa hula zinki inayolikinga bati. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha chumvi ya bahari, acha pakauke, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe mikono miwili. Kama unakinga maji ya mvua ya kunywa, hakikisha rangi haina madini ya risasi, na mvua za mwanzo zimwage.

Ukipata fedha tena, tia dari, ila usiuzibe uwazi uliopo kati yake na bati. Acha matundu chini ya upenu pande mbili, yenye wavu, hewa ipite. Juu ya dari usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) mkavu huzuia joto vizuri. Uweke mbali na nyaya za umeme na uukague kwa mchwa.

Madirisha nayo: ya vioo vya kusukuma hufunguka nusu tu. Chumba cha kulala kipe dirisha linalofunguka lote upande unaotoka upepo wa kaskazi, na tundu la kutokea hewa ukuta wa pili. Miezi ya Disemba hadi Machi utaihitaji hiyo hewa kuliko rangi yoyote.