Wasomaji wanauliza: Bomba la maji na kura za mamluki, New York 1834 mpaka 1842

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mpenzi wa historia, nimekuta mahali wameandika kwamba zamani Wamarekani wakitaka kusema fulani kaiba kura walisema "kalaza mabomba". Nimebaki nashangaa, bomba na kura wapi na wapi? Naomba unieleweshe tafadhali.

JIBU: Nzuri sana ndugu, na asante kwa swali. Ni kweli walisema hivyo, na usemi wenyewe umetoka New York, miaka ile jiji linachimbua barabara zake zote kupitisha maji ya mto Croton, ulioko kaskazini mwa jiji.

Ilikuwa hivi. Uchaguzi wa mwaka 1838 vyama vikubwa ni viwili, Democratic na Whig, na kila kimoja kinaihitaji New York kwa hali na mali maana kura za jiji zinaweza kuamua nani awe gavana wa jimbo zima. Sasa watu wa Whig wakaandikiana barua na watu wa Philadelphia, ukizisoma juu juu unaona biashara ya kawaida tu, wanaongelea vibarua wa kuja kulaza mabomba ya maji, watafika lini, watalipwa nini. Na hakuna ambaye angeshtuka, kwa sababu mwaka huo vibarua wa mabomba walikuwa kila kona kweli, halmashauri imeshaanza kutandaza mabomba ya chuma chini ya mitaa. Kumbe wanaoongelewa ni wapiga kura wa kuletwa! Mtu anatoka Philadelphia, anashuka New York, anapiga kura kata hii, anaenda kata nyingine anapiga tena, anachukua hela yake anarudi kwao.

Aliyekuwa katikati ya hili dili ni James Glentworth, ambaye mgombea wa Whig aliposhinda ugavana yeye akaja kupewa kazi ya mkaguzi wa tumbaku. Siri ilikaa mpaka Oktoba 1840, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, ndipo ikalipuka. Viongozi wa Whig wakakana kuhusika na wizi wowote lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni mwa watu, na kuanzia hapo kulaza mabomba ikawa ni kuchakachua, hata sehemu ambayo haina bomba hata moja.

Mimi hii inaniuma kila nikiisoma, na nitasema kwa nini. Yale maji ndiyo kitu safi kuliko vyote ambavyo halmashauri ile ilifanya karne ile, watu walikufa yakisubiriwa, halafu jina lake ndilo likachukuliwa kufichia uchafu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Naomba kujua hiyo halmashauri ilipata wapi hela ya mradi mkubwa hivyo. Serikali kuu iliwapa? Na kwa nini walichelewa, mbona mji ulikuwa tajiri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na kuchelewa, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu.

New York ya enzi hizo ilikuwa kisiwa cha Manhattan, maji yamezunguka pande zote ila ni ya chumvi. Watu walikunywa visima, na visima viko pembeni ya vyoo na makaburi. Mwaka 1799 jimbo likaipa kibali kampuni moja binafsi, Manhattan Company, iliyosukumwa sana na mwanasiasa Aaron Burr, wapeleke maji mjini. Mtaji walioruhusiwa kukusanya ni dola milioni 2. Lakini ndani ya kibali kulikuwa na kifungu kimoja kidogo, kwamba hela itakayobaki baada ya kazi ya maji kampuni inaweza kuitumia kwa shughuli nyingine halali. Hiyo shughuli nyingine ikawa benki, na benki ilifunguliwa mwaka huohuo. Maji yakawa ni kisingizio, wakatoboa magogo ya misonobari wakayafanya mabomba, wakachimba kisima ndani ya mji uleule mchafu, wakahudumia sehemu ndogo tu, na watu wakaishi hivyo zaidi ya miaka 30. Benki yenyewe ilistawi sana, mwaka 1955 ndiyo iliyoungana na Chase.

Halafu mwaka 1832 ikaja kipindupindu. Watu kama 3,500 walikufa, wenye uwezo walikimbilia mashambani na maskini walibaki na visima vyao. Ndipo madiwani wakaamka. Tarehe 2 Mei 1834 bunge la jimbo likapitisha sheria ya maji, na sheria ile ilikuwa imefikiriwa vizuri, naiheshimu mpaka leo. Ilisema gavana ateue makamishna watano wa maji, wapime, walete mpango, halmashauri iukubali au iukatae, na ikiukubali basi bado haitoshi, wananchi wapige kura ndiyo au hapana. Ndiyo ikishinda, jiji likope.

Kura ilipigwa Aprili 1835: ndiyo 17,330, hapana 5,963. Kwa hiyo kukujibu moja kwa moja, serikali kuu haikutoa, ni jiji lenyewe lilikopa kwa kuuza hatifungani, kwa kuanzia dola milioni 2.5 kwa riba ya asilimia 5. Yaani mwenye pesa anaikopesha halmashauri leo, na halmashauri inamlipa riba kila mwaka mpaka deni liive, ikitegemea kodi na baadaye ada za maji.

Milioni 2.5 haikufika popote lakini. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, mabenki yakasimama kulipa, kuuza hatifungani ikawa kazi ngumu sana, na huku bwawa linajengwa, matofali yanapangwa, vibarua wengi wao wahamiaji wa Ireland wanadai ujira wao. Mwisho wa yote, ukijumlisha na mabomba ya mitaani, gharama ilivuka dola milioni 10. Kuna waliolalamika kwamba wamebebeshwa deni la wajukuu. Mimi nasema deni lile lilikuwa halali yake, kwa sababu wajukuu ndio walioyanywa yale maji, na aliyeulizwa kabla ya kukopa ni mpiga kura mwenyewe. Ilivyokuwa kwa Manhattan Company hakuna mwananchi aliyeulizwa chochote.

Halafu kumbuka kitu kimoja. Miezi minane tu baada ya ile kura, usiku wa tarehe 16 Desemba 1835, moto ukashika eneo la biashara. Baridi ilikuwa kali mno mto umeganda, wazima moto wanatoboa barafu wapate maji na maji yanagandia kwenye mipira, ikateketea karibu majengo 700 na kampuni nyingi za bima zikafilisika kabisa. Waliokuwa bado wanabisha kuhusu gharama ya bomba, baada ya usiku ule hoja yao ilipungua nguvu sana.

SWALI: Umesema Democratic na Whig walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Sasa mradi ulipitaje? Na nasikia uchaguzi wa meya 1834 ulikuwa vita kabisa, nani alishinda kihalali?

JIBU: Uko sahihi, ilikuwa vita. Kabla ya hapo meya alichaguliwa na madiwani wenyewe kwenye kikao chao, 1834 ndiyo mara ya kwanza wapiga kura wanamchagua moja kwa moja. (Nikisema wapiga kura nina maana wanaume, wanawake hawakuwemo, na mwanaume mweusi katika jimbo lile alitakiwa awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura wakati mweupe hakuwekewa sharti hilo. Hili lazima lisemwe kila tunapotaja kura ya wananchi ya enzi hizo.)

Upigaji kura ulienda siku tatu, tarehe 8 mpaka 10 Aprili. Daftari la wapiga kura hakuna. Karatasi za kura zinachapwa na vyama vyenyewe, unapewa na wakala wako mlangoni, kila mtu anaona umeshika ya nani. Ukiweka hayo matatu pamoja hata mji wenye amani utawaka, na New York haikuwa na amani, watu wana hasira kuhusu ugomvi wa rais Jackson na Benki ya Marekani, benki ya taifa ya wakati ule. Kata ya 6 ndiyo iliyochemka kuliko zote, vituo vikavamiwa, karatasi zikachanwa, watu wakapigwa na marungu, wa Whig wanaburuta meli ya mfano barabarani waliyoiita Constitution, meya anayemaliza muda wake Gideon Lee akaingia na walinzi wake nao wakazidiwa, ikabidi waitwe wanajeshi.

Kura zilipohesabiwa, Cornelius Lawrence wa Democratic akampita Gulian Verplanck wa Whig kwa kura zisizofika 200, katika kura kama 35,000 hivi. Lakini viti vingi vya madiwani wakachukua Whig! Kila upande ukasherehekea na kila upande ukasema umeibiwa. Unaniuliza nani alishinda kihalali, mimi nakwambia kwa tofauti ndogo vile, bila daftari, na vituo vimevamiwa, hesabu ile ina mashaka na itabaki nayo. Lawrence ndiye aliyeapishwa.

Sasa mradi ulipitaje. Angalia tarehe. Uchaguzi umeisha tarehe 10 Aprili, sheria ya maji imepita tarehe 2 Mei, hata wiki nne hazijafika, vidonda bado vibichi. Meya wa chama hiki, madiwani wa chama kile, gavana anayeteua makamishna ni wa Democratic. Kungekuwa na nafasi kila mmoja kumkwamisha mwenzake. Kilichookoa ni kwamba uamuzi wa mwisho haukuwa wa yeyote kati yao, ulirudishwa kwa watu, na swali lilikuwa moja tu halina jina la mgombea. Diwani wa Whig aliweza kuunga mkono maji bila kumpa ushindi meya wa Democratic. Na mwenyekiti wa makamishna, Stephen Allen, aliwahi kuwa meya, mambo ya halmashauri aliyajua ndani nje.

Siasa haikuachia kabisa, usifikiri hivyo. Mwaka 1840 gavana wa Whig, William Seward, aliwaondoa Allen na wenzake akaweka wa kwake. Bahati mhandisi mkuu John Jervis aliachwa, na hilo lilisaidia sana, maana mfereji wa kuleta maji kutoka Croton, wa kama kilomita 66 unaoshuka kwa mteremko wa sentimita 21 hivi kila kilomita, bila pampu hata moja, ukibadilisha fundi katikati unaweza kuharibu kila kitu.

SWALI: Kaka mhariri, huyo aliyefichua dili la mabomba alipewa hata asante? Au ndiyo yale yale.

JIBU: Alianza kwa kufukuzwa kazi. Anaitwa Robert Morris, hakimu wa jiji, mtu wa Democratic. Alipopata fununu ya zile barua alienda usiku mpaka kwenye nyumba zilikofichwa akazichukua. Whig wakasema barua zimekamatwa kinyume cha sheria, huwezi kuingia nyumbani kwa mtu ukabeba makaratasi yake kwa ajili ya siasa, na mapema 1841 gavana Seward akamwondoa. Kwa upande wangu naona wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli: wizi ulistahili kufichuliwa, na nyumba ya mtu nayo ina heshima yake. Ila Morris kufanya vile siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, hapo siwezi kumtetea.

Wananchi wao waliamua vingine, Aprili 1841 wakamchagua kuwa meya. Kwa hiyo tarehe 14 Oktoba 1842, siku jiji liliposherehekea maji ya Croton, maandamano marefu, kengele, mizinga, chemchemi inarusha maji juu kama futi 50 mbele ya ukumbi wa jiji, meya ni Robert Morris na gavana bado ni William Seward. Wamesimama kwenye sherehe moja.

SWALI: Na maskini walipata hayo maji au ndiyo yaliishia kwa matajiri? Halafu kuna kilichobaki mpaka leo?

JIBU: Walipata nusu. Halmashauri iliweka mabomba ya umma mitaani ambayo mtu alichota bure, lakini kuvuta maji ndani ya nyumba mwenye nyumba alilipia ada kila mwaka, na wenye nyumba za kupangisha wengi hawakuona sababu ya kutoa hela hiyo. Miaka mingi mama wa ghorofa ya juu aliendelea kupanda ngazi na ndoo. Tena watu walipoacha visima, maji ya ardhini yakapanda yakaingia kwenye vyumba vya chini, ambako waliishi maskini zaidi, na jiji likalazimika kuanza kufikiria mifereji ya maji taka, kitu ambacho hakikuwemo kwenye hesabu ya 1835.

Vilivyobaki vipo. Bwawa la Murray Hill, lililohifadhi maji ya Croton ndani ya mji, lilibomolewa, mahali pake ipo maktaba kuu ya jiji, barabara ya 42. Daraja la High Bridge lililovusha maji juu ya mto Harlem, lililokamilika 1848, bado limesimama na tangu 2015 unaweza kulivuka kwa miguu. Kaskazini mwa jiji, juu ya ule mfereji wa zamani, kuna njia ya kutembea, na chini ya miguu yako matofali ya Jervis bado yapo.