Nilishinda, kwa nini naambiwa nilikosea? Thamani tarajiwa katika poka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nacheza poka ya Texas Hold'em na wenzangu, ile ambayo kila mmoja hupewa karata mbili za siri na tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Juzi nilikuwa na kopa mbili mkononi, na baada ya karata ya nne kufunuliwa, mezani nako kulikuwa na kopa mbili. Chipu (vidude vya kuwekea dau) zilizokuwa mezani zilikuwa 100, na nusu yake nilikuwa nimeziweka mimi. Mpinzani wangu akaweka dau la 50. Nikalifuata kwa kuweka 50, kopa ya tano ikatoka, nikashinda kwa kuwa na karata tano za aina moja. Rafiki yangu anayependa hesabu akasema uamuzi wangu ulikuwa mbaya. Baadaye niliweka chipu zangu zote nikiwa na ree mbili, nikashindwa na mtu mwenye jozi ndogo, na rafiki yangu huyohuyo akasema nilicheza vizuri. Anasema kinachopimwa ni “thamani tarajiwa”. Naomba unieleze ni kitu gani na mtu anaitumiaje akiwa mezani.

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Rafiki yako yuko sahihi katika yote mawili, na sababu ni moja: uamuzi hupimwa kwa yale uliyoweza kuyajua ulipokuwa unaamua, si kwa karata iliyofunuliwa baadaye. Thamani tarajiwa ni wastani wa matokeo yote yanayoweza kutokea, kila tokeo likiwa limezidishwa kwa uwezekano wake. Wazo hili lilikulia katika michezo ya bahati. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na mwaka 1657 Christiaan Huygens akachapisha risala iliyoipanga hesabu hiyo kwa utaratibu. Swali lao ndilo lako: mchezo haujaisha, karata moja haijafunuliwa, je, nafasi uliyo nayo ina thamani gani sasa hivi?

Tufanye hesabu yako. Umeziona karata sita, mbili zako na nne za mezani, kwa hiyo katika 52 zimebaki 46 usizozijua. Kopa zote ni 13, nne umeshaziona, zimebaki tisa. Uwezekano wa kopa kutoka ni 9 kwa 46, yaani takriban asilimia 19.6. Ukifuata dau na kopa ikatoka, na tuchukulie kwamba ikitoka unashinda kwa hakika, unapata chipu 150: zile 100 za mezani na 50 za mpinzani. Isipotoka, unapoteza 50. Zidisha 150 kwa 9, unapata 1,350. Zidisha 50 kwa 37, unapata 1,850. Hasara ni 500, na ukiigawa kwa 46 inabaki kama chipu 10.9. Hiyo ndiyo gharama uliyoilipa kwa kulifuata dau lile, na uliilipa hata siku hiyo uliyoshinda, kwa sababu ushindi huo ni sehemu ya wastani uleule unaojumuisha mara nyingi zaidi ambazo kopa haitoki.

Mezani hakuna nafasi ya kuzidisha yote haya, nawe huhitaji kufanya hivyo. Chukua kiasi unachotakiwa kulipa, ukigawe kwa jumla ya chipu zitakazokuwa mezani ukishalipa. Hapa ni 50 kwa 200, yaani asilimia 25. Uwezekano wako wa kushinda ukizidi hapo, fuata, ukipungua, jitoe. Asilimia 19.6 haifiki 25. Ikiwa unacheza mahali ambapo mwenye meza anakata sehemu ya kila ushindi, kiwango hicho hupanda: akikata asilimia 5 ya chipu 200, zinabaki 190, na unahitaji asilimia 26.3. Wachezaji wengi husahau makato haya, na ndiyo yanayowafanya watu wenye uwezo unaolingana wote waondoke na hasara baada ya muda.

Umetaja kwamba nusu ya zile 100 zilikuwa zako, na nadhani hilo lilikusukuma. Chipu ukishaziweka mezani si zako tena. Ukijitoa, thamani ya uamuzi huo kuanzia pale ni sifuri, si hasara ya 50, kwa sababu zile 50 zimeshatoka mkononi mwako ukifuata au usifuate. Kila chaguo lilinganishwe na sifuri hiyo. Naliona kosa hili kuwa ghali kuliko mengine yote katika poka, kwa kuwa linajirudia kila raundi na linaonekana kama ujasiri.

Hata hivyo, hesabu ile ilidhani kwamba baada ya kopa kutoka hakuna chipu nyingine zitakazowekwa. Ikiwa mpinzani bado ana chipu za kutosha na ni mtu asiyependa kujitoa, unaweza kupata zaidi karata ya mwisho ikishafunuliwa. Ni kiasi gani kinahitajika? Hasara ya 1,850 igawe kwa 9, unapata karibu 205.6. Ukitoa zile 150, zinabaki kama 56. Kwa hiyo ungekuwa na sababu nzuri ya kufuata kama ungetarajia kumtoa, kwa wastani, zaidi ya chipu 56 kila kopa inapotoka. Jiulize kwa uaminifu: kopa tatu zikiwa wazi mezani, angelipa? Mchezaji makini huona hatari hiyo mara moja, na wastani wenyewe hushuka.

Kuhesabu kopa zilizobaki ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu, na ndiyo yenye faida kubwa, ni kukadiria karata za mpinzani. Tuseme karata zote tano zimefunuliwa, chipu za mezani ni 100, mpinzani ameweka 100, nawe una jozi moja nzuri. Unahitaji asilimia 33.3, yaani 100 kwa 300. Kati ya zile tano za mezani kuna 9, 7 na 2, na kwa jinsi alivyocheza tangu mwanzo unaamini ama ana karata tatu za namba mojawapo kati ya hizo, ambazo zinaishinda jozi yako, ama anazuga, yaani anaweka dau bila karata nzuri, baada ya kukosa alichokuwa anakingoja. Karata moja ya namba ikiwa mezani, na wewe huna nyingine yake, jozi ya namba hiyo inaweza kuwa mkononi mwake kwa njia tatu tu. Namba tatu ni njia tisa. Ukiona kuna njia sita ambazo angezuga nazo, unashinda mara 6 kwa 15, yaani asilimia 40, na kufuata kunakupa wastani wa chipu 20. Ukiona ni mtu asiyezuga sana, ukazipunguza hadi tatu, unashinda mara 3 kwa 12, asilimia 25, na kufuata kunakupotezea 25. Karata ni zilezile na dau ni lilelile. Makadirio yako juu ya mtu ndiyo yamegeuza jibu. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waandike makadirio yao kabla ya kuona karata za mpinzani.

Kuhusu ree mbili: dhidi ya jozi ndogo, kabla ya karata yoyote kufunuliwa, unashinda takriban mara nne kwa tano. Kila mmoja akiweka chipu 100, wastani wako ni faida ya 60. Lakini uwezekano wa kushinda mara tatu mfululizo katika hali hiyo ni asilimia 51.2 tu. Karibu nusu ya watu wanaocheza vizuri kabisa mara tatu watashindwa angalau mara moja, kwa hiyo usiweke kwenye meza moja fedha ambayo huwezi kuvumilia kuipoteza, hata hesabu ikiwa upande wako.

Jambo la mwisho linahusu mashindano, ambako chipu si fedha. Tuseme mmebaki watatu wenye chipu sawa, na zawadi ni 50, 30 na 20. Kwa kuchukulia kwamba uwezekano wa kila mmoja kuwa wa kwanza unalingana na sehemu yake ya chipu, nafasi yako ina thamani ya 33.3. Ukiweka chipu zote ukashinda, utakuwa na theluthi mbili za chipu na mpinzani mmoja, na thamani yako itakuwa 43.3, ukishindwa unachukua 20. Unapata 10 au unapoteza 13.3, na kwa hiyo unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 57. Uwezekano wa asilimia 55, ambao kwenye meza ya kawaida ni faida ya wazi, hapa unaishusha thamani yako hadi 32.8, na kujitoa ndiko kucheza vizuri.