Tracy Chapman: maswali yenu kuhusu Wembley, Mandela na wimbo ulioimbwa upya

Maswali ya safari hii yote yanamhusu Tracy Chapman, mwimbaji na mtunzi wa Marekani ambaye wengi wetu tuliijua sauti yake redioni kabla hatujaijua sura yake. Marefu nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Ni kweli alipata umaarufu kwa sababu vyombo vya Stevie Wonder vilipotea? (Msomaji, Mwanza)

Kilichopotea kilikuwa kimoja. Tarehe 11 Juni 1988, katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado mfungwa wa makaburu. Tracy alikuwa na miaka 24 na albamu moja tu, iliyotoka Aprili mwaka huohuo. Alikuwa amekwisha kuimba zamu yake mapema. Jioni, Wonder alipokaribia kupanda jukwaani, ikabainika kwamba diski ya kinanda chake cha kielektroniki, iliyobeba sauti zote za onyesho lake, haipo. Akaondoka kwa uchungu. Waandaaji wakamhitaji mtu asiyesubiri kufungiwa mitambo, na aliyekuwepo ni Tracy na gitaa lake kavu. Akarudi, akaimba "Fast Car", huku televisheni za nchi zaidi ya 60 zikirusha tamasha hilo. Wonder naye alirudi baadaye, akapiga kwa vyombo vya kuazima. Kufikia Agosti albamu ya Tracy ilikuwa inaongoza chati ya Marekani.

Wanaoishia hapo husema ni bahati. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu njia iliyomfikisha Wembley ilianza kabla. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, alikuwa akiimba mitaani kwa wapita njia, hasa pale Harvard Square. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alikuwa akisaidia kuandaa maandamano chuoni ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, akaambiwa kuna dada mmoja anayeimba nyimbo za kupigania haki, amwalike. Koppelman alipomsikia hakutulia tena. Baba yake alikuwa na kampuni ya muziki, akawakutanisha, na huko ndiko mkataba wa kurekodi ulikoanzia. Kwa hiyo mapambano dhidi ya ubaguzi ndiyo yaliyomleta studio, na mapambano hayohayo ndiyo yaliyompandisha Wembley.

Wanaharakati ninaowajua huandamana na kulala rumande. Huyu amefanya nini zaidi ya kuimba? (Msomaji, Nakuru)

Swali lako ni zito, nami nitalijibu kwa matendo yake. Mwaka huohuo wa 1988, badala ya kuitumia miezi ya umaarufu mpya kujijazia mfuko, alijiunga na ziara ya muziki ya Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, ya kuadhimisha miaka 40 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Walikuwa Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel, Youssou N'Dour wa Senegal, na yeye: maonyesho 20 katika muda wa wiki sita. Abidjan walifika, na Harare pia. Onyesho la Harare ndilo linalonigusa zaidi. Zimbabwe ilikuwa huru kwa miaka minane tu, na ng'ambo ya mpaka utawala wa makaburu ulikuwa bado umesimama. Watu wengi walivuka kutoka Afrika Kusini, weusi kwa weupe, wakasimama uwanja mmoja kusikiliza muziki, jambo ambalo nyumbani kwao lingekuwa tatizo. Mwaka uliofuata alitoa albamu ya pili yenye wimbo aliomwimbia Mandela, na Mandela alikuwa bado hajafunguliwa.

Baadaye alishiriki mbio za baiskeli za AIDS/LifeCycle mwaka 2004, kutoka San Francisco hadi Los Angeles, za kuchangia wanaoishi na VVU. Aliimba na akaendesha. Mwaka 2020, usiku wa kuamkia uchaguzi wa Marekani, alitokea kwenye televisheni baada ya kimya kirefu, akawahimiza watu wakapige kura.

Lakini usiudharau wimbo wenyewe, msomaji wangu. Katika albamu ya kwanza yumo jirani anayekosa usingizi kwa sababu ya vipigo vya nyumba ya pili, na anajua polisi hawatasaidia. Tracy anauimba bila gitaa wala ngoma, sauti yake peke yake. Mwaka 1988 mambo ya ndani ya ndoa yalikuwa bado yanaitwa siri ya familia, kwao na kwetu, na yeye akayatoa nje mbele ya mamilioni. Hilo kwangu ni uanaharakati kamili.

Mbona kanyamaza? Na ana mume? (Maswali ya wasomaji kadhaa)

Albamu yake ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho hadi sasa, ilitoka 2008. Nyumba yake ni yake. Tangu mwanzo alikataa kuuza maisha yake pamoja na nyimbo zake, na kwa kuwa ameliheshimu hilo kwa miaka mingi, nami naliheshimu.

Kwa nini Luke Combs aliachiwa kuimba "Fast Car" lakini Nicki Minaj akashtakiwa? Mimi ni msanii chipukizi. (Msomaji, Morogoro)

Nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo vijana wengi wanaumia.

Combs, mwimbaji wa kantri, aliurudia wimbo kama ulivyo mwaka 2023. Kwa sheria ya Marekani, wimbo uliokwisha kurekodiwa na kutolewa unaweza kurudiwa na mtu mwingine bila kumbembeleza mtunzi, mradi usibadilishe kiini chake na umlipe mrabaha. Combs hakugusa hata pale msimulizi anaposema yeye ni binti anayefanya kazi kaunta dukani. Tracy aliandika wimbo huo peke yake, kwa hiyo fedha za utunzi hakugawana na mtunzi mwingine. Wimbo ukaongoza chati ya redio za kantri, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika hapo akiwa mtunzi pekee. Novemba 2023 ukashinda tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ya wimbo bora wa mwaka, na hakuna mtunzi Mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Februari 2024 wakauimba pamoja jukwaani kwenye Grammy, na mwenyewe ndiye aliyeufungua kwa gitaa lake.

Minaj alifanya jambo jingine. Alichukua sehemu za utunzi mwingine wa Tracy, si "Fast Car", akajengea wimbo wake mpya. Hiyo inahitaji ruhusa, na Tracy alikataa. Wimbo haukuwekwa kwenye albamu, lakini ulichezwa redioni New York. Tracy alifungua kesi mwaka 2018. Jaji alisema kuujaribu studio peke yake si kosa, ila suala la kuusambaza lilibaki. Mapema 2021 yakaisha kwa Tracy kulipwa dola 450,000.

Wapo waliomwita mchoyo. Mimi naona mtunzi anayeweza kusema hapana ndiye anayeumiliki wimbo wake kwa kweli. Kabla hujaingia studio na marafiki, andikeni nani ametunga nini, kisha sajilini kazi kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Ukisubiri wimbo uvume kwanza, kila aliyekuwa chumbani atakumbuka kwamba alichangia.

Nianzie wapi kumsikiliza? (Msomaji, Bujumbura)

Anza na albamu ya 1988, yenye jina lake, na uisikilize yote kwa mpangilio wake. Ndiyo iliyomletea Grammy tatu mwaka 1989, ikiwemo ya msanii mpya bora. Kisha ruka hadi *New Beginning* ya 1995. Humo umo "Give Me One Reason", wimbo wa mtindo wa blues uliopata Grammy ya wimbo bora wa roki. Usiupishe haraka, sikiliza gitaa linavyojibizana na sauti yake.