Maswali yenu kuhusu Durban (na wale Wazanzibari wake)

Durban ni jina la Kizulu?
Hapana bana. Ni la gavana Mwingereza wa koloni la Cape, Benjamin D'Urban, walowezi waliupa mji jina lake 1835. Wazulu wanaita eThekwini, kwa ajili ya ile ghuba ya bandari.

Mbona Wahindi wengi hivyo?
Miwa. Mashamba yalitaka vibarua, Novemba 16, 1860 meli ya Truro ikatia nanga na watu 342 kutoka Madras, wa mkataba. Baadaye wakaja wafanyabiashara Wagujarati waliojilipia nauli, ndo chanzo cha Juma Masjid ya Grey Street. Na ukiwa mitaa hiyo kula bunny chow: mkate unachimbwa ndani, wanamimina mchuzi, kile kinofu walichotoa wanakiweka juu, anza kuchovya hicho.

Eti kuna Wazanzibari Durban tangu zamani?
Wapo, na hili swali nimelisubiri kweli. 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa Unguja, Waingereza walianza kupeleka Natal, koloni lao lenye Durban, watu waliowatoa kwenye majahazi ya watumwa. Wamekombolewa, sawa, ila wakifika tu wanafungwa mkataba wa kazi, sasa ukombozi gani huo! Na wengi wala sio wa Unguja, ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ndugu kabisa wa hawa wa kwetu Masasi, jina la Zanzibari likawaganda tu. Walikaa Kings Rest, kule Bluff upande wa pili wa bandari, kwenye ardhi ya wakfu wa Waislamu, wakaswali, wakaoana, wakatunza Kimakua chao. Makaburu walipoanza kupanga watu kwa rangi wakachanganyikiwa, hawa weusi lakini Waislamu, tuwaweke wapi? Wakawaandika "Waasia wengine". Mmakua kageuka Mwasia kwa kalamu tu jamani. Bluff ikafanywa ya wazungu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, eneo la Wahindi, na wajukuu wao wako hukohuko.

Nina siku moja tu, niende wapi?
Asubuhi makumbusho ya KwaMuhle. Zamani ilikuwa ofisi ya kusimamia Waafrika, hapo ndo ulihangaikia vibali vya kufanya kazi mjini. Hela za kuendesha mambo zilitoka kwenye pombe: manispaa ilijipa haki ya kuuza peke yake pombe ya kienyeji, faida ikalipia usimamizi wa wanywaji walewale, yaani unanunua kikombe unamlipa anayekukagua. Mchana nenda Inanda, shule ya Ohlange ya John Dube, Mandela alipigia kura hapo Aprili 27, 1994. Alipachagua makusudi, kaburi la Dube, rais wa kwanza wa ANC, liko palepale, na alikwenda kumpa taarifa kwamba nchi imekuwa huru. Phoenix alikoishi Gandhi haiko mbali, ila kodi gari yenye dereva wa hukohuko.