Re: Kodi ya Nhill ni nafuu, mbona nyumba sipati?

Salama mkuu. Unauliza kwa nini Nhill, kule jimbo la Victoria, Australia, kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Melbourne lakini mwezi mzima hujapata nyumba.

Anza na hesabu. Australia kodi hutajwa kwa wiki. Dola 300 kwa wiki, zidisha mara 52, gawa kwa 12: ni 1,300 kwa mwezi, si 1,200. Mimi nilikosea hapo, nikamaliza mwezi kwa chai kavu.

Takwimu za Sensa ya 2021 ulizobandika ni kodi waliyokuwa wakilipa watu Agosti ile, wapangaji wa zamani wakiwemo. Usizitumie kupanga bajeti ya leo.

Shida yenyewe ni uchache. Mji wa watu kama 2,000, nyumba za kupanga ni za kuhesabu. Wakaren, kabila kutoka Myanmar, walioanza kuhamia Nhill mwaka 2010 walifuata kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata. Nawe tafuta kazi kwanza, halafu muulize mwajiri nani ana nyumba tupu. Yangu (mji mwingine) haikutangazwa popote. Nilidokezwa na mama wa duka la mikate.

Kununua sijawahi, waliowahi waje.